Chesi ya Kimandolu, Kula ni Lazima

Sisi tuliokulia Kimandolu, Arusha, wakati migomba ilikuwa inaanzia mlangoni na kuishia mtoni, tulikuwa na dunia yetu wenyewe, na dunia hiyo ilikuwa na baridi. Mwezi wa saba ukungu ulishuka kutoka Mlima Meru ukalala uani mpaka jua lilipochoka kuusubiri. Tuliamka tunatetemeka, tukanywa uji wa ulezi huku vikombe vya bati vikituunguza midomo, kisha tukaondoka kwenda shule na kidumu cha maji mkono huu na fagio mkono ule. Mchakamchaka ulitukuta tukiwa bado na matongotongo. Nikifumba macho sasa hivi nasikia miguu mitupu ikipiga udongo mweusi, mamia ya miguu kwa pamoja, na mimi nipo katikati, sijulikani, nina furaha ambayo sikujua kwamba ni furaha.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Tulikula loshoro, mahindi yaliyopikwa na kuchanganywa na maziwa mgando, kutoka kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa moshi, na ladha ile ya moshi sijaipata tena popote, hata katika hoteli zinazoandika neno loshoro kwenye karatasi ya kung'aa. Tukimwona mzee njiani tulisimama, tukainamisha kichwa, tukangoja atuguse utosini ndipo tuendelee na safari. Mikono ya wazee wa wakati ule ilikuwa mizito na mikavu, na kila mmoja alikuwa na mguso wake. Siku hizi mtoto anakupita na vitu masikioni, ukimwita anakupungia, na shikamoo yake inafika akiwa ameshakata kona. Simlaumu sana. Huenda nasi tulikuwa na vitu masikioni, ila vilikuwa nyuki na ng'ombe.

Michezo ilikuwa mingi: kombolela, rede, mdako, magari ya waya yaliyopanda vilima kuliko haya ya watalii. Lakini mchezo wenye heshima ulikuwa drafti. Ubao ulikuwa kipande cha boksi kilichochorwa kwa mkaa, kete zilikuwa vifuniko vya soda, upande mmoja vimelala kifudifudi, upande wa pili chali. Sheria yetu kuu ilikuwa moja: kula ni lazima. Ukiona kete ya mwenzako inalika, utaila, upende usipende. Ukisahau au ukijifanya hukuiona, mwenzako anaichukua ile kete yako iliyopaswa kula, anaipuliza kama anayepuliza vumbi, anaiweka pembeni. Umepulizwa. Aibu ya kupulizwa ilikuwa kubwa kuliko ya kufungwa, na kaka yangu Loti, aliyenizidi kidogo tu kwa umri, aliwahi kususa chakula cha jioni kwa sababu yake.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri pale jirani, na siku za mavuno yeye ndiye aliyenadi. Mnaujua mnada wa kanisani. Ibada ikiisha watu hawaondoki, wanatoka nje na kila kilicholetwa madhabahuni kinauzwa: mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, debe la maharage, mayai ndani ya kikapu chenye nyasi. Baba alikuwa na sauti ya kazi hiyo. Basi siku moja ya mavuno, kati ya mboga na kuku, likatokea sanduku la mbao ambalo mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya alilitoa sadaka. Baba akalifungua. Sanduku lenyewe lilikunjuka likawa ubao wa drafti, na ndani yake kulikuwa na vinyago vidogo vya mbao, vyeusi na vyeupe, vingine vina vichwa vya farasi. Hakuna aliyevijua. Hakuna aliyetaja bei. Watu wakatazama kuku. Baba akaona haya kwa niaba ya sadaka ya mgeni, akalinunua mwenyewe, akatuletea nyumbani akisema ni drafti la wenye uwezo.

Tukalicheza kama drafti, tungefanyaje. Farasi waliruka kama vifuniko vya soda, hawakulalamika. Hatukujua kitu mpaka tulipomwonyesha mwalimu wetu wa Hesabu, ambaye shule nzima ilimwita Mwalimu Tanga kwa kuwa alitoka huko, na alikuwa na maamkizi marefu kiasi kwamba akimaliza kukuulizia nyumbani, kengele ilikuwa imeshalia. Alipoona lile sanduku alikaa chini. Alisema huu ni mchezo wa sataranji, nyinyi wa bara mnauita chesi, akaanza kutuonyesha: huyu mfalme, huyu malkia, hii ngome inakwenda wima na ubavuni, huyu askofu anakwenda mshazari, hawa mbele ni askari. Jina la askofu lilimfurahisha sana Baba, akaona sasa wazi kwamba sanduku lilikuwa mali ya kanisa tangu mwanzo. Kilichomsumbua ni kusikia watoto wake wakiambiana jioni, nimemla askofu wako.

Mwalimu Tanga alitufundisha baada ya vipindi, darasa likiwa limebaki na harufu ya chaki na jasho. Alitueleza kwamba mchezo ule ulizaliwa India, ukapita Uajemi na Arabuni, ukafika pwani yao zamani, na kwamba huko ng'ambo kuna mashindano ambamo watu wawili wanakaa ukumbini kimya, siku baada ya siku, dunia nzima inawangoja, na atakayeshinda anaitwa bingwa wa dunia. Nilikuwa nikimsikiliza huku natazama Meru dirishani, wingu likipanda taratibu, nikamwona huyo bingwa waziwazi. Amevaa koti. Ananyoosha mkono mbele ya ukumbi mzima, anachukua kete ya mpinzani aliyesahau kula, anaipuliza.

Kwa maana hilo Mwalimu Tanga hakulitaja, nasi hatukumuuliza. Alitufundisha kila kinyago kinavyotembea. Sheria ya kula tulikuja nayo kutoka nyumbani, na haikutupitia akilini kwamba ingeweza kuwa nyingine. Yeye alituona tunakula kila kinacholika, tunakula tukiona hasara na tukiona faida, nadhani akafikiri ni ulafi wa utoto utakaotutoka. Hakuwahi kuona mtu akipulizwa, kwa sababu mbele yake hakuna aliyethubutu kuacha kula.

Mama hakuupenda mchezo huo. Kwetu jioni ilikuwa ya kukata majani ya ng'ombe, na ng'ombe wa Mama walianza kulia njaa wakati mimi na Loti tumeinamia ubao nyuma ya jiko. Alivumilia, akaonya, akavumilia tena. Halafu zikaja habari kwamba shule yetu imealikwa kwenye mashindano mjini, na Mwalimu Tanga amechagua watoto wawili, mvulana na msichana, yaani sisi. Baba alifurahi mpaka akasahau kofia yake kanisani. Mama alisubiri tumalize kula, akasema neno lake mbele ya Baba.

"Nendeni. Mkirudi na ushindi, hata mmoja, hilo sanduku likae. Mkirudi hivi hivi, mavuno yajayo linarudi kanisani lilikotoka."

Baba akaitikia sawa, na mzee wa kanisa akishaitikia sawa mbele ya watoto, imekwisha. Usiku ule nililipapasa lile sanduku gizani. Nilikuwa nalipenda kwa namna ambayo watoto hupenda kitu kimoja tu maishani, na nilijua mavuno hayako mbali.

Tulikwenda kwa miguu, tumepakwa mafuta ya nazi ya Mwalimu Tanga mpaka vumbi lote la njiani likatuganda. Ukumbi ulikuwa wa shule moja ya mjini, sakafu inang'aa, na kulikuwa na watoto waliovaa soksi nyeupe zilizovutwa mpaka magotini. Walikuwepo wa mjini kati, wa Sokon One, hata wa Kisongo. Mwamuzi alikuwa mzee mmoja mwenye miwani, na saa iliyotumika ilikuwa moja tu, ya mezani, ya kengele, ameishika yeye. Nilipofika mbele yake niliinamisha kichwa kama nilivyolelewa. Alikitazama kichwa changu muda mrefu, hajui akifanye nini, mwishoni akaniuliza kama nimepoteza kitu sakafuni.

Mchezo wa kwanza nilifungwa haraka. Kila nilichotegewa nilikila, kwa kuwa ni lazima, na kila nilichokula kilinitoa mahali pangu mpaka mfalme wangu akabaki peke yake uwanjani. Loti naye alifungwa, tena na binti wa Kisongo mdogo kuliko yeye.

Mchezo wa pili nilikaa na mvulana wa soksi nyeupe, mpole, mwenye kucha safi. Tulikwenda vizuri. Mara nikaona askofu wake angeweza kula askari wangu, na yeye hakumla, akasogeza kitu kingine kabisa. Nikamtazama kumpa nafasi ya kukumbuka, kwa sababu kwetu huo ndio uungwana. Hakukumbuka. Basi nikanyoosha mkono, nikamchukua askofu wake, nikampuliza vizuri, nikamweka pembeni.

Yule mvulana akanyoosha kidole juu kama yuko darasani, na mwamuzi akaja, na watoto wa meza za jirani wakaacha michezo yao. Niliulizwa nimefanya nini. Nikaeleza kwa adabu kwamba nimempuliza. Mwamuzi akaniuliza nimempuliza kwa nini, nikajibu kwamba hakula. Loti, kutoka meza ya mbali, akasimama kunitolea ushahidi kwamba ni kweli, hakula, hata yeye ameona. Kicheko kilichofuata kilipanda mpaka darini. Mwalimu Tanga alikuwa amesimama mlangoni na nilimwona akifunika uso kwa viganja vyake viwili, na mabega yanacheza, hata leo sijui kama alikuwa anacheka au analia.

Mwamuzi hakucheka. Alimrudisha askofu mahali pake, akainama karibu yangu, akasema polepole, "Mwanangu, hapa mtu anakula akitaka. Asipotaka, anaacha."

Sijui nilieleze vipi jambo hilo. Niliona aibu, naam, masikio yaliwaka moto. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, kana kwamba mtu amenifungulia dirisha katika nyumba niliyodhani haina dirisha. Mtu anaweza kuacha. Nilikaa nikautazama ubao ule ule na vinyago vile vile, na vyote vilikuwa vipya. Mchezo ule nilipoteza, kwa kuwa nilikuwa naota macho wazi.

Loti alifungwa tena, na tena. Ukabaki mchezo wangu wa mwisho, na sanduku la nyumbani likining'inia juu yake. Mpinzani alikuwa mvulana mkubwa wa Sokon One, na kicheko cha asubuhi alikuwa amekisikia. Alijua huyu mtoto wa Kimandolu anakula kila kitu. Basi akaniwekea ngome yake, nzima, haina mlinzi, mbele kabisa ya malkia wangu, akajiegemeza kwenye kiti. Nikaiona. Nikaona pia kwamba malkia wangu ndiye aliyekuwa mlinzi pekee wa mfalme, na akiondoka pale kwenda kula, mfalme amekwisha. Mkono wangu ulinyanyuka wenyewe. Nawaambia ukweli, vidole vilikuwa vinawasha. Miaka yote ya boksi na mkaa ilikuwa inaniambia kula, utapulizwa. Nikaurudisha mkono, nikaukalia. Kisha nikasogeza askari mdogo pembeni, kwa mkono wa kushoto.

Yule mvulana aliacha kujiegemeza, akainamia ubao. Kuanzia hapo tulipigana sawasawa, tukamalizana askari, farasi na malkia, mpaka ukumbi ukabaki mtupu na ubaoni wamebaki wafalme wawili. Tukaendelea. Tulifukuzana na wafalme wetu kuzunguka ubao mzima, mimi nikiamini nitamkamata, yeye akiamini vivyo hivyo, mpaka mwamuzi alipokuja kuweka kiganja chake kati yetu na kusema ni sare, tukale.

Tulirudi kwa miguu vilevile. Loti aliuliza mara kwa mara kama sare ni ushindi, na Mwalimu Tanga, mtu wa maneno mengi, alijibu kwamba hilo aulizwe mwenye ng'ombe. Meru ilikuwa imevua mawingu yote jioni ile, imekaa wazi mpaka kileleni, nami niliiona kama inanisikitikia.

Mama alikuwa anakamua. Nilichuchumaa kando yake na kumwambia yote: kupulizwa kwa askofu, kicheko, ngome niliyowekewa. Maziwa yaliendelea kulia ndani ya kibuyu. Aliuliza jambo moja tu.

"Uliiona, na ukaiacha?"

Nikamwambia niliiona, nikaiacha. Akamaliza kukamua, akaniambia sare si ushindi. Nililia mpaka usingizi ukanichukua.

Mavuno yakafika. Baba alibeba sanduku mwenyewe kwenda kanisani, na ibada nzima sikusikia somo wala wimbo. Mnadani aliuza ndizi, akauza kuku, akauza mahindi, analirukaruka lile sanduku mpaka hakukubaki kitu kingine. Akaliinua. Safari hii watu walilijua, habari za mashindano zilikuwa zimewafikia na zilikuwa zimeongezewa chumvi. Mangi mmoja, Mchaga mwenye duka, akataja bei, bei ya mtu ambaye hatanii. Baba akauliza nani zaidi, na sauti yake ile kubwa haikutoka yote. Nikainamisha kichwa nisione.

Ndipo upande wa wanawake mtu akasimama. Mama. Amevaa kitenge chake cha Pasaka, na nilikuwa sijaona hata alipokivaa.

Kwetu maziwa ya jioni ni ya mama. Baba hayagusi, hayauzi, hayaulizii. Mama akasema anatoa maziwa ya jioni ya ng'ombe wake wote, yapelekwe nyumbani kwa mwinjilisti kila siku mpaka Krismasi. Watu wakageuka. Baba alimtazama mkewe mara moja, kisha akasema moja mbili tatu kwa pumzi moja, haraka kuliko mnadi yeyote aliyepata kunadi Arusha hii, na Mangi akabaki mkono hewani na kanisa zima likacheka, naye Mangi akacheka.

Njiani Mama alitembea mbele na sanduku kichwani. Nilimkimbilia nikamuuliza kwa nini.

"Nilisema litarudi kanisani," alisema. "Sikusema halitarudi nyumbani."

Tulikunywa chai ya rangi mpaka Krismasi. Sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Sasa nina mjukuu wa dada anayeshiriki mashindano ya kweli. Nimempeleka majuzi kwenye hoteli moja ya mjini, kila meza na saa yake ya betri, maji ya chupa, wazazi wamekaa nje. Watoto wale wanajua mambo makubwa. Huyu wangu anacheza kwenye simu na mtu wa Urusi kabla hajanawa uso, anajua michezo ya mabingwa waliokufa, na akikosea simu inamwambia amekosea, hapo hapo, bila kumcheka. Nilitembea kati ya meza zile kama niko ndotoni. Nilikuwa nasubiri mtu mmoja, mmoja tu, anyooshe mkono apulize. Walikuwa kimya wote. Walipomaliza walipeana mikono na kurudi kwenye simu zao. Nilifurahi kwa ajili yao, na nilisikia upweke ambao sikuweza kumweleza mtoto wa watu.

Loti hayupo tena, wala Baba, wala Mwalimu Tanga. Migomba imekuwa nyumba za kupangisha. Ila sanduku lipo, na Mama yupo, mzee sana, kwenye ile ile nyumba ya Kimandolu. Nilikuja kugundua ukubwani kwamba miaka yote ile alipokuwa anapita na ndoo nyuma yetu, alikuwa anatazama. Hajui habari za mabingwa. Anajua chesi yetu, ile ya lazima, na naamini duniani tumebaki wawili tu tunaoijua. Kila Jumapili baada ya ibada tunacheza. Majina yanamtoka siku hizi. Mimi ananiita kwa jina la dada yake, na Loti anamsubiri arudi na majani ya ng'ombe.

Kwa hiyo nimeanza kufanya kitu. Naacha kula makusudi. Namwachia askari wake palepale mbele ya ngome yangu, nasogeza kitu kingine, halafu nasubiri.

Jumapili iliyopita nilifanya hivyo. Alitazama ubao kwa muda mrefu, mrefu kuliko siku zote, macho yake yakienda dirishani yakirudi, mpaka nikaanza kuogopa. Nje mvua ilikuwa inaanza. Nilikuwa karibu kusema haya Mama, tupumzike. Akanyoosha mkono, akaichukua ngome yangu, akaipeleka mdomoni, akaipuliza.